Matufaha machanga hayatupwi

Mwezi wa sita hapa Uingereza mti wa tufaha huangusha wenyewe sehemu ya matunda yake, lakini uliozaa kupita kiasi bado hubaki na vichala vya manne, matano. Hapo inabidi upande ngazi upunguze: kila kichala libaki moja au mawili, na kati ya tunda na tunda pawe na sentimita 10 hadi 15. Ukiacha yote, utavuna vitunda visivyo na ladha, matawi yatavunjika kwa uzito, na mwakani unaweza usipate kitu. Mbegu za matunda hayo yote hutoa homoni inayouzuia mti kuandaa maua ya msimu unaofuata.

Mama mdogo, anayeuza dagaa soko la samaki la Mwaloni kule Kirumba, Mwanza, aliposikia hayo kwenye simu alisikitika. "Mwanangu, ndoo nzima ya matunda mabichi! Sasa mnayapeleka wapi?"

Wengi huyatupa kwenye mboji, na mimi naona ni hasara kubwa. Sisi tuliokulia Mwanza tukila embe bichi la chumvi na pilipili nje ya geti la shule tunajua tunda bichi lina kazi yake. Matufaha haya nayatoa mbegu, nayakata vipande vyembamba na kuyatia kwenye rosti ya nyanya pale ambapo ningekamua ndimu, kisha ndiyo naweka dagaa. Ukali wake unawakubali dagaa vizuri sana. Yaliyobaki nayaparuza pamoja na karoti, kitunguu na pilipili, kachumbari ya kulia sato wa kukaanga.

Ila kazi ninayoithamini zaidi ni pektini, kile kinachogandisha jamu. Tufaha bichi linayo nyingi kuliko lililoiva. Yakate na maganda yake, maji yayafunike, chemsha kwa moto mdogo hadi yalainike kabisa, kisha yaning'inize kwenye kitambaa safi usiku kucha bila kukamua, maana ukikamua maji hayatakuwa maangavu. Msimu huohuo stroberi zinaiva, nazo zina pektini kidogo mno. Zikipata maji haya, jamu inashika bila kuchemka jikoni saa nzima. Yanayozidi hukaa friza.

Mama mdogo hana mtufaha, lakini ana mpera uani. Mapera ambayo hayajaiva sawasawa yana pektini nyingi vilevile, kwa hiyo nimemwambia aanze nayo, ajaribu kwenye jamu ya nanasi.