Sanduku Chini ya Kitanda

Leo asubuhi nilikaa Jaws Corner, barazani penye kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, nikingojea boti kutoka Dar es Salaam ishushe magazeti. Nilipolipata la kwangu ilikuwa yakaribia saa nne, na habari zote za ukurasa wa mbele nilikwisha kuzisoma usiku katika simu. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu, kikombe cha kahawa mkononi, alinitazama nikilikunjua, akaniuliza kwa upole: “Umenunua ya jana, mwanangu?”

Sikuwa na la kumjibu, kwani gazeti la kila siku haliwezi kushindana na simu kwa kutueleza yaliyotokea jana. Wiener Zeitung la Austria, lililoanza mwaka 1703, liliacha kuchapishwa kila siku Juni 2023, baada ya sheria kuyaondolea makampuni wajibu wa kulipia humo matangazo yao rasmi. Tangazo ndilo lililokuwa likinunua karatasi na wino, na kwetu sisi nauli ya boti pia.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Niliwahi kuandika makala tano kuhusu ukataji wa mikoko, zikatoka katika tovuti moja tu, bila ya kuchapishwa. Tovuti ilipofanyiwa matengenezo zilitoweka zote, na mhariri aliponiambia nimpelekee nakala zangu nilitahayari, maana na mimi sikuweka. Chini ya kitanda changu, hata hivyo, limo sanduku lenye nakala za Dira, gazeti la hapa Zanzibar lililofungiwa mwaka 2003. Mchwa wamezila pembe, moja ina duara la kikombe cha kahawa (nakiri, ni changu), lakini kila neno lipo kama lilivyotoka mtamboni. Amri ile ilizuia toleo lililofuata. Yale yaliyokwisha kuingia majumbani mwa watu haikuweza kuyafuata. Habari iliyomo katika tovuti huondolewa na mtu mmoja kwa kidole kimoja, na wasomaji wote wakaikosa kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana ningependa magazeti yetu yatoke mara moja kwa wiki, yakiwa na uchunguzi, barua na kumbukumbu za mabaraza, mambo ya Jumatatu yakaachiwa simu.

Nilipoinuka, mzee yule aliniomba gazeti. Nilimwachia, isipokuwa ukurasa wa saba, wenye barua ya msomaji kuhusu njia ya wavuvi iliyozibwa ufukweni. Nimeukata, upo sandukuni.