Siku moja ya fundi wa nguo na msaidizi wake wa miezi 18

Saa kumi na moja alfajiri. Nikishaswali sigusi cherehani. Natandika mkeka sebuleni, juu yake shuka safi, juu ya shuka kitambaa, kisha nachukua chaki na mkasi. Kukata ni kazi ya mtoto aliyelala, halina mjadala hilo. Tandaza mita nne za kitambaa chini na mtoto yuko macho, utamkuta katikati yake, amejifunika gubigubi, anangoja atafutwe.

Tuko Shaaban, na mafundi wa Mji wa Kale, Mombasa, tunaijua. Kila mwenye binti wa kuozesha anataka shughuli iishe kabla ya mfungo, na harusi zikitulia zinafuata nguo za Idi. Leo nina sare za kina mama wa upande wa bwana harusi. Wanazijia baada ya Maghribi.

Saa kumi na mbili na nusu. Msaidizi ameamka. Siku hizi halii. Anateremka kitandani kinyumenyume, tumbo kwenye godoro, miguu inatafuta sakafu, kisha anakuja mpaka mlangoni na kugonga mlango ambao uko wazi. "Odi!" Hilo kalipata kwa wateja. Nyumba ya fundi inabishwa hodi kutwa, naye kaona ndivyo watu wanavyoishi. Anabisha kwenye kabati, kwenye friji, kwenye ndoo ya maji, kwenye mgongo wa babake. Usipomwambia karibu habanduki.

Saa moja. Chai, mahamri na mbaazi za nazi za jirani wa chini. Anakula mbaazi mojamoja, kwa kidole na gumba, na kila moja anaigeuza na kuikagua kabla haijaingia mdomoni. Mavyaa, ambaye tunaishi naye, hapendi. "Mwanangu, mtoto hachezei chakula, mlishe kwa kijiko mmalize." Namheshimu sana mavyaa, lakini hapa nanyamaza na kumwachia mtoto sahani. Vidole vinavyookota mbaazi leo ndivyo vitakavyookota pini kesho, nami nataka kujua vimefika wapi. Ndiyo maana nina sumaku niliyoifunga kwenye kijiti. Kila nikimaliza kushona naipitisha sakafu nzima, chini ya mkeka na kwenye pembe za ukuta. Fundi mwenye mtoto anayetembea asipokuwa na sumaku, sijui analala vipi.

Saa mbili. Babake anarudi kutoka shifti ya usiku, Kilindini. Anabishwa hodi mgongoni, anaitikia karibu mara nyingi kuliko mimi, anakula, analala. Nyumba inatakiwa iwe kimya, na mtoto wa umri huu na kimya hawajajuana. Bahati nzuri leo tuna kliniki.

Saa tatu mpaka karibu saa tano. Ametimiza miezi 18, kwa hiyo ni chanjo ya pili ya surua na rubela. Ya kwanza alichomwa akiwa na miezi 9. Wazazi wengi wanaiacha hii ya pili. Mtoto kesha kuwa mkubwa, ratiba ya sindano za uchanga imekwisha, kitabu cha kliniki kimelala kabatini, na safari ya tuktuk kwa ajili ya sindano moja inaonekana nzito. Mimi mwenyewe nimeuza saa mbili za kazi leo kwa ajili yake, na katika Shaaban saa mbili ni rinda zima. Lakini chanjo ya kwanza haiwashiki watoto wote, na wale iliowapita ndio ya pili inawafuata. Surua nimeiona kwa mtoto wa ndugu. Inatosha.

Kwenye benchi alipita kwa kila mama akimpa mkono, mmoja baada ya mwingine, kama anaaga msibani. Mizani hakuitaka kabisa. Sindano alilia nayo kwa hasira zaidi kuliko uchungu, akimwangalia muuguzi usoni. Kisha muuguzi akakata ncha ya kile kidonge laini chekundu cha vitamini A, akamkamulia ulimini. Kilio kilikatika hapohapo. Akalamba midomo, akafungua kinywa tena, na kumwambia "Odi!"

"Mama mtoto," muuguzi akaniambia akiandika kitabuni, "homa ya hii huenda isije leo. Ikija, itegemee baada ya wiki hivi, pengine na vipele kidogo. Usishangae." Afadhali uambiwe. Homa ya wiki ijayo ingenikuta nalaumu jua la kaskazi.

Saa tano na nusu. Jua lenyewe hilo. Vyumba vya ghorofani huku vinahifadhi joto mpaka ukuta unatoa jasho. Hii ni saa ya pindo. Pindo hushonwa mbele ya mtoto kwa sababu ni mstari ulionyooka, na ukikatizwa katikati unaurudia ulipoachia bila kuharibu kitu. Natumia cherehani ya miguu, Singer ya nyanya yangu, si ile ya umeme. Ya miguu inasimama mguu ukisimama, haina waya wa kuvutwa. Gurudumu na ukanda wake nimeviegemeza upande wa ukuta ambako mkono mdogo haufiki.

Yeye anakaa chini karibu na kiti changu na koni tupu za uzi wa ovaloki. Hakuna duka la vitu vya watoto lililoniuzia kitu kilichomshughulisha kama koni hizi. Mwanzo alikuwa anazipiga sakafuni tu. Baadaye akawa anazitia ndooni na kuzimwaga. Wiki hii kagundua zinaingiana, na kagundua kwa tabu: akiiweka ya juu kinyume, inaanguka. Anaiokota, anaiweka kinyume vilevile, inaanguka. Mkono wangu unawasha kumgeuzia, naurudisha kwenye kitambaa. Leo aliigeuza mwenyewe, ikakaa, akaniangalia kuhakikisha nimeona. Kisha akaubomoa mnara wote kwa teke.

Mteja mmoja alikuja kupimwa wakati huohuo. Bwana mdogo akachukua utepe wa kupimia, akauzungusha kwenye goti la yule mama, akatamka namba zake ambazo sijui ni za nchi gani. Yule mama akasimama wima kabisa mpaka alipomaliza. Namshukuru, wako wateja ambao wangemsukuma.

Saa saba. Wali wa nazi na changu. Mavyaa ndiye mtoa miba, hiyo kazi hamwachii mtu.

Saa nane kasoro mpaka saa kumi kasoro. Amelala, na hapa ndipo pesa zinapopatikana. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Usiku wangu huyu haniletei zaidi ya kumi, kwa hiyo deni la mchana nalidai lote. Cherehani ya umeme inawaka: shingo, mikono, lesi, kila kisichotaka kukatizwa. Jirani huuliza mtoto analalaje na kelele zile. Analala nazo tangu tumboni. Adhana haimwamshi, pikipiki haimwamshi. Kinachomwamsha ni cherehani kunyamaza. Ndiyo maana nikitaka kufungua mshono mbovu nauweka kando na kurukia kipande kingine. Mafumuo yote nayafanya baadaye.

Saa kumi na nusu. Babake kaamka, kanitolea mtoto kabla ya kurudi kazini. Niliwafuata baada ya robo saa, maana nimechoka na kuta. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka 2011, kwa mwanangu ni mahali penye kunguru wa kukimbiza. Muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe, bwana mdogo akasimama, akatafuta mawe mawili, akayagonganisha naye. Wakaenda hivyo hatua kadhaa, wazee wa barazani wanacheka. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, huyu mtilie dele mkononi, biashara ishaanza."

Saa moja ya usiku. Sare zimekuja kuchukuliwa. Nguo moja imebana kwapani, nimeifumua na kuishona upya mwenyewe akingoja. Huku nyuma mtoto kajifunza jambo ambalo ningependa limchukue mwaka: kasukuma stuli mpaka kwenye kabati, kapanda, na mkono uko inchi chache kutoka kopo la vifungo. Mavyaa alimnyakua. "Huyu keshapata akili ya ngazi," akasema. Kifungo ni saizi kamili ya koo la mtoto. Kopo limehamia juu ya friji, stuli imehamia chumbani kwa mavyaa na mlango unafungwa kwa komeo.

Saa tatu. Amelala. Natia vifungo kwa mkono chini ya feni, nikiwa na kikombe cha chai ya tangawizi. Simu inaingia, ni mmoja wa wale kina mama: wamezipenda sare, wanataka nne zaidi, Alhamisi. Nimehesabu na kumjibu kwamba usingizi wa mchana wa Jumanne na Jumatano unanitosha nguo mbili, nyingine mbili zisubiri Ijumaa. Naye ana watoto watatu, hakuuliza usingizi gani. Ameniuliza tu, "Fundi, hawezi kulala mapema siku hizo mbili?"