Chupa ya tatu

Jana shemeji kapita kutoka Iringa kaniachia gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwenye buti, hakukaa hata dakika kumi. Leo asubuhi nimefungua mlango wa gari, harufu ikanipiga usoni, vitunguu vimechanganyika na kale kaharufu ka dizeli ambako hakajawahi kuisha kwenye hii gari, na nikajikuta nimekaa tu funguo mkononi bila kuwasha, mpaka Neema akauliza baba tunachelewa au tumeghairi.

Ilikuwa 2017, nampeleka mama mkwe Iringa kwenye kikao cha familia, cha hela zilizokuwa zinatumwa na hazionekani. 

Gari ilikuwa na ugonjwa wake. Asubuhi ikiwa ya baridi unagusa funguo tu imewaka, ila ikishatembea ikapata moto, ole wako uizime. Unapiga stata inazunguka vizuri tu, nguvu ipo, lakini haishiki, mpaka uiache ipoe. Nilishanunua betri mpya. Stata nilishaishusha ikabadilishwa kaboni. Filta ya dizeli mbili. Na msinicheke, nilibadilisha hita plagi zote nne, zile za kupasha injini ya baridi, yaani hita plagi, kwa gari inayogoma ikiwa ya moto. Kila fundi alikuwa na mtuhumiwa wake na mimi nililipia wote.

Kwa hiyo safari ile nilijiwekea sheria moja, sizimi gari mpaka Iringa. Tumetoka Dar alfajiri na tanki full, Morogoro tumepita, Mikumi tumepita twiga wakiwa pembeni ya barabara, sijazima. Ruaha Mbuyuni saa saba mchana, jua la lile bonde mnalijua, mama akasema anataka vitunguu. Nikasimama, nikaiacha inaunguruma. Kachagua vitunguu taratibu, kamwambia muuzaji habari zote za ukoo wake kwa Kihehe, karudi, kachungulia dirishani: "Baba Neema, mbona unaunguza mafuta bure?"

Sasa mkwe unamjibu nini? Nikazima.

Ikagoma. Nimepiga stata mara nne tano, betri nayo ikaanza kulalamika. Gari ni otomatiki, hata wale vijana wa vitunguu waliokuja mbio kusukuma nikawaambia asanteni, haisaidii. Ndio akaitwa mzee mmoja fundi wa malori pale jirani, kaja na spana mbili na kitambaa, kasikiliza stata kidogo akasema upepo umeingia, ngoja nilegeze hizi paipu za kwenye nozeli tuutoe. Nozeli ni zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Nikamshika mkono kabisa. Mzee wangu samahani, hii sio kama Land Rover za zamani, hii ni komoni reli, pampu inajaza lile bomba moja nene presha ya mamia ya ba (kipimo cha presha) halafu nozeli zote zinachota humo, na ikipata upenyo dizeli inaweza kutoboa ngozi ikaingia mwilini kama sindano. Akaniangalia vile wazee wanavyoangalia vijana wa mjini. Lakini spana akaishusha.

Nilikuwa nimenunua kale kakifaa ka blututhi ka kuchomeka chini ya usukani, unasoma gari kwenye simu. Nilikuwa nakatumia kufuta taa ya cheki injini tu, aibu lakini ndio ukweli. Nikakachomeka nikatafuta presha ya reli, nikapiga stata. Inapanda 90, 110, 130, inagota hapohapo. Gari kama hii inataka 200 na kitu ndio kompyuta iziruhusu nozeli zifunguke, chini ya hapo unaweza kuzungusha stata mpaka Krismasi. Mzee akauliza, "Simu inasemaje?" Nikamwambia presha haifiki. Akakaa kimya, akapitisha kitambaa chini ya pampu, chini ya reli, kwenye kila nati, akakiangalia. Kikavu.

"Basi inavujia ndani," akasema. "Hizi nozeli zina mpira wa kurudishia mafuta?"

Nasema ukweli, mimi na simu yangu na video zote nilizoangalia, hilo sikulifikiria. Yule mzee hajawahi kuishika komoni reli, katoa jibu kwenye kitambaa kikavu.

Dakika ishirini zilizofuata ziliniingia kichwani kwa namna sijui niielezeje. Kijana katumwa duka la dawa kaleta mirija ya dripu. Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa kakaa kivulini chini ya mbuyu anapepea kwa upande wa kitenge, kanywesha watu maji ili tupate chupa ndogo nne tupu. Mzee akachomoa mipira ya riteni juu ya nozeli, ule mpira mkuu akauziba, akachomeka mirija, kila nozeli na chupa yake, akazifunga kwa kamba ya katani zikasimama mstari mmoja juu ya injini. Akanieleza kama vile kafanya miaka yote: gari haijawaka, nozeli hazijafunguka, kwa hiyo kwenye chupa haitakiwi kuja kitu, labda tone. Anayeleta ndiye mwizi.

Mimi nikaingia kwenye usukani. Boneti iko juu, mbele sioni kitu zaidi ya bati jeupe linalowaka jua. Nikapiga stata, nikahesabu mpaka kumi. Na sauti niliyoisikia upande wa pili haikuwa ya fundi, ilikuwa ya mama mkwe, kasogea kasimama juu ya injini na kitenge kichwani, anasoma kama anasoma orodha ya michango.

"Ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna."

Kimya.

"Ya tatu inajaa, baba Neema. Inajaa tu."

"Ya nne je, mama?"

"Ya nne hamna. Ni huyu wa tatu anakunywa vya wenzake."

Mzee fundi akacheka sana. Vijana wakacheka. Mimi nikabaki nimeshika funguo, kwa sababu nilijua tunakwenda kikao cha shemeji yangu, na nilijua ni mtoto wa ngapi. Miaka mingapi kina dada zake walikuwa wanatuma hela na nyumbani hazionekani, na lawama kaibeba kaka mkubwa. Nilitamani niuone uso wa mama. Boneti ilikuwa juu. Nilipotoka alikuwa kashageuka anamlipa mwenye vitunguu.

Kilichobaki ni haraka. Mzee kalowanisha gunia kwa maji ya kisima akafunika pampu na nozeli, dizeli ikipoa inakuwa nzito, uvujaji unapungua, baada ya nusu saa ikawaka. Tukapanda mlima Kitonga nyuma ya foleni ya malori, sijazima tena mpaka mlangoni. Wiki iliyofuata nozeli ya tatu ikapelekwa Dar kwenye mashine ya kupimia, vali ya ndani imelika. Nikashauriwa nibadilishe zote nne, nikabadilisha moja. Mpaka leo inatembea. Au inanivumilia, sijui.

Ila kuna kitu. Wakati tunakata kona za Kitonga mama aliuliza, bila kuniangalia, "Sasa kilichoiharibu ni nini?" Nikasema uchakavu tu mama, ni kifaa. Sio kweli. Miezi kama mitano nyuma yake nilikuwa nanunua dizeli ya madumu barabarani kwa sababu ni bei rahisi, na mnajua dumu la barabarani lina nini, mafuta ya taa, maji, mchanga. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walianza 2010 kuweka vinasaba, alama ya kutambua mafuta halali, lakini nani atalipima dumu lako wewe? Nozeli haikuanza yenyewe kunywa vya wenzake. Kuna mtu aliilisha.

Akauliza tena, "Na inatengenezeka, au inatupwa?"

Nikasema zipo zinazotengenezeka. Akasema haya. Mpaka Ilula hakuna aliyeongea.

Kikaoni mama aliongea wa mwisho, na kwa alivyoamua kuna waliomnunia mpaka leo.

Mke wangu kapiga simu mchana anauliza kaka yake kaacha shilingi ngapi kwenye lile deni. Nikamwambia kaacha vitunguu. Vizuri kwelikweli, vyekundu, vikavu, vya mtu aliyelima mwenyewe. Sikumuuliza kalima kwenye shamba lipi.