Isnadi ya picha za karafuu

Karafuu za yule mzee wa Mtambwe, Pemba, zilikuwa juu ya jamvi, rangi ya hudhurungi iliyoiva, vichwa vizima, kavu hata ukivunja moja unaisikia. Nikazipiga picha kwa simu ya mjukuu wake, magharibi ikikaribia. Modeli yangu, programu niliyoifunza kutambua daraja la karafuu kwa picha, ikajibu: daraja la tatu.

Mzee aliitazama simu kwa muda. "Mwanangu, hii ni la kwanza. Hicho kitu chako kimesomeshwa na nani?"

Nilirudi Wete na swali lile. ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hununua karafuu kwa madaraja matatu, na mimi nilitaka mkulima ajue daraja lake kabla ya kubeba gunia kwenda kituoni. Kwa siku tatu nilihangaika na hesabu, nikibadilisha hiki na kile, na kosa likabaki pale pale. Mzee yule husomesha chuo cha Kurani, na ndipo nikakumbuka tulivyofundishwa utotoni: hadithi ya Mtume haitazamwi maneno yake tu, hutazamwa pia imepokewa na nani kutoka kwa nani. Isnadi, yaani mnyororo huo wa wapokezi, ikiwa na mpokezi dhaifu, hadithi inatiliwa shaka hata maneno yake yakiwa mazuri. Picha nilizoifunzia modeli hazikuwa na isnadi. Nilizibadilisha majina zote, karafuu 1, karafuu 2, nikafuta kila dalili ya zilikotoka.

Kuirudisha nasaba hiyo ndiyo kazi iliyonila zaidi. Kilichoniokoa ni heshi: faili hukokotolewa likatoa alama yake, na kubadilisha jina hakuibadilishi alama hiyo maadamu yaliyomo hayajaguswa. Nikakusanya simu zote zilizotumika, nikakokotoa heshi za picha zilizobaki humo, nikazilinganisha na zangu. Pole pole daftari likajaa: nani kapiga, wapi, siku gani, nani kataja daraja, na picha imenifikia kwa njia gani.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyosema. Picha za shemeji yangu wa Micheweni zilinijia kwa programu ya ujumbe, ambayo huzibana picha ili zisafiri upesi. Kubanwa kunakula kingo ndogo ndogo, na kwenye karafuu kingo hizo ndizo kichwa chenyewe. Isitoshe, shemeji alizituma wakati wa mvua, jua hakuna, karafuu zimekaa sana bila kukauka na nyingi zimekuwa mpeta, yaani zimevunda na kupoteza ubora. Kwa hiyo picha zenye ukungu zilikuwa karibu zote za daraja la tatu. Modeli ilijifunza ukungu ikadhani ni mpeta. Nilihakikisha: nikachukua picha safi ya daraja la kwanza, nikajitumia mwenyewe kwa programu ile ile, nikaipima tena. Ikashuka hadi la tatu.

Kuliondoa fungu lile la picha za Micheweni hakukunilazimu kuanza upya. Mtandao wa neva uliokwisha kufunzwa na wengine huigeuza kila picha kuwa safu ya namba. Mimi hufunza tabaka la mwisho tu, nalo ni regresheni ya mstari: hesabu inayotafuta kila namba ipewe uzito gani ili jumla yake ikaribie daraja. Regresheni hiyo inahitaji majumlisho mawili tu: namba za picha zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, na namba hizo zikizidishwa na madaraja. Nikayahifadhi majumlisho ya kila fungu peke yake. Unatoa ya fungu baya kwenye jumla, unakokotoa, na jibu ni lile lile ambalo ungelipata kama fungu hilo halikuwamo kabisa. Wu, Tannen na Davidson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza mwaka 2020 namna ya kutumia nasaba ya data kwa kazi hii, hata kwa regresheni ya lojistiki, aina nyingine ya hesabu hizi, ambako hesabu ni ya kukadiria. Kwangu mimi ilikuwa kutoa na kujumlisha.

Shemeji hakuwa na kosa lolote, na picha zake za asili bado alikuwa nazo. Alizitia kwenye kadi ya memori, akampa dereva wa gari la Wete. Nikaziingiza kama fungu jipya, safari hii na picha za daraja la kwanza alizopiga jua liliporudi.

Nilikwenda Mtambwe tena na simu ile ile ya mjukuu. Mzee akasoma jibu mwenyewe, kisha akaniuliza habari za picha ambazo hazikupata mwenyewe. Ni tisa. Nimezitenga, hazifundishi kitu mpaka nijue nani alizipiga.