Ndege yupi, ndege ipi: chujio limekubali

Limekubali! Baada ya wiki tatu, chujio langu, yaani programu ndogo ya kompyuta, linatenganisha ndege wa mitini na ndege ya abiria katika maandishi ya magazeti ya zamani. Makosa yaliyobaki ni machache, naweza kuyapitia moja moja kwa macho.

Wazo la mwanzo lilikuwa jepesi: achana na maana, fuata upatanisho. Wa mitini ni A-WA, huruka na wenzake, ni yule, ni wake. Ya angani ni I-ZI. Nikaamini kwamba kutazama neno linalofuata "ndege" kungetosha.

Hakukutosha. "Uwanja wa ndege wa Nairobi" ndio ulioanza kunivuruga. Hiyo "wa" ya pili ni ya uwanja, lakini chujio liliona "ndege wa" likaandika: kiumbe. Upande wa pili kukawa na "sauti za ndege zilisikika". Hapo ni viumbe kabisa, ila "zi" inafuata sauti, na chujio likaniletea eropleni alfajiri msituni. Halafu "rubani wa ndege aliyejeruhiwa". Nani kajeruhiwa? Rubani, bila shaka, lakini mashine itajuaje?

Nilipoteza siku nyingi kwa kuandika orodha ya maneno ya kurukwa na chujio: uwanja, kiwanja, rubani, sauti, mlio, safari. Orodha ya namna hiyo haina mwisho. Kila toleo jipya nililoskani lilileta nomino nyingine, na kila nilipoziba huku, kule kukavuja.

Suluhisho lilikuwa kushoto. Sasa kabla ya kutazama kinachofuata, chujio linatazama kilichotangulia. Kama kabla ya "ndege" kuna kihusishi cha -a, na kiambishi kinachofuata kinaweza kuwa cha ngeli ileile, mstari unawekwa kando bila kuamuliwa. Zikitofautiana, linaamua: "kiota cha ndege yule" hakina utata, wala "rubani wa ndege iliyoanguka". Kanuni nzima ni mistari kumi na moja ya Python, lugha ya kuandikia programu. Wiki tatu kwa mistari kumi na moja, na nimefurahi kupita kiasi.

Kuhusu zana: AntConc, programu ya kutafuta neno katika maandishi mengi, bado ni bora kwa kupanga mistari kwa neno la kushoto au la kulia, na bila hiyo nisingeliona tatizo lenyewe. Tesseract, inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi, ina modeli ya Kiswahili, nayo inasoma vizuri chapa safi, lakini nimeizima orodha yake ya maneno, ile inayoitumia kusahihisha inachosoma. Napendelea kosa la wazi kuliko usahihisho wa kimyakimya. Kwenye chapa iliyochakaa, mkia wa "y" ukifutika, "ya" inasomwa "va". Hilo halinisumbui, maana hatuna kihusishi "va", kwa hiyo kurekebisha ni salama. Ingekuwa imeligeuza kuwa "wa" bila kuniambia, kazi yote ingeharibika.

Kisha jaribio. Gazeti la Msimulizi lilianza kuchapwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na akina Wright waliruka kwa eropleni ya kwanza Desemba 1903. Maana yake chochote cha kabla ya hapo kinachoangukia kapu la I-ZI ni kosa. Nikaliendesha chujio kwenye maandishi ya karne ya 19, nikitegemea sifuri. Likanirudishia "ndege njema".

Nilikaa nikiitazama. Angekuwa kiumbe angekuwa "ndege mwema". Hii ni ile ndege ya wasafiri, ishara ya heri au shari mtu anapoanza safari, ambayo kamusi za zamani zimeitaja waziwazi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba neno lina mlango wa tatu.

Mpango ulikuwa nichore grafu ya kila muongo kutoka kwenye magazeti: Kiongozi la Tanga enzi za Wajerumani, Mambo Leo kuanzia Januari 1923, Baraza la 1939, hadi Ngurumo la 1959. Nilitaka kuona neno likipanda baada ya ndege za Waingereza kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg huko Rufiji mwaka 1915, baada ya Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, kufika Mwanza 1931, na baada ya East African Airways kuanza 1946. Grafu nimeiweka kando. Sasa nataka kujua ile ndege ya heri iliishi pamoja na ya injini kwa muda gani, maana zote mbili ni za msafiri na zote ni I-ZI.

"Njema" inakamatika. Kinachonikwamisha usiku huu ni "ndege mbaya". Kiumbe mmoja akiwa mbaya ni "ndege mbaya", chombo kibovu ni "ndege mbaya", na ishara ya shari vilevile ni "ndege mbaya". Kiambishi ni hichohicho kote, kushoto hakuna kitu, na chujio halina pa kushika. Nimeichapa mistari yote yenye maneno hayo, na nimeanza kuisoma kwa macho, kalamu mkononi.