Yai Lililokwama

Masika ya mwaka 2016 nilikuwa nimepanga Magomeni, chumba na sebule, na barazani nilitundika tundu la waya lenye finchi wawili, vindege wala mbegu, wale wa pundamilia. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa, michirizi kifuani na madoa meupe ubavuni. Jike ni kijivu mtupu, kinachong'aa kwake ni mdomo. Kijana aliyeniuzia aliniapia kwamba wametoka Australia moja kwa moja. Asili yao ni huko kweli, lakini Australia ilizuia ndege wake wa asili kuuzwa nje tangu 1960, kwa hiyo finchi wa kufugwa ni vitukuu na vilembwe wa ndege waliozaliwa tunduni. Nilimwacha na kiapo chake.

Bibi alikuwa amekuja kutoka Kilwa kutibiwa macho, akafikia kwangu. Maisha yake yote amefuga kuku, na wale finchi aliwaona kituko.

"Haliwi, na yai lake halikaangiki," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa unamlisha wa nini?"

Nilimjibu kuwa nawazalisha, niuze makinda. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Alikuwa na haki ya kucheka, maana hadi hapo uzalishaji wenyewe ulikuwa vituko vitupu. Kutaga walitaga, tena bila kubembelezwa. Ila dume yule alikuwa na ugonjwa wa ujenzi. Ukimwachia majani makavu tunduni baada ya jike kutaga, anaendelea kujenga juu ya mayai, anayafukia, kisha jike anataga mengine juu ya yale ya chini. Nilipofumua kiota mara moja nilikuta mayai ghorofa mbili, yote viza. Uzao uliofuata ulianguliwa vizuri, sisimizi wakawapata makinda usiku. Baada ya hapo nikaliweka tundu juu ya kibao chenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye mafuta ya taa kidogo. Kunguru nao walikuwa wakitua juu ya waya alfajiri kupiga kelele, jike anaruka kutoka kwenye mayai, yanapoa. Nikashona gunia, nikafunika upande wa barabarani. Uzao wa baada ya hapo ukasimama: makinda watatu, wote madume, wakakua.

Nikajiona fundi. Kiota nikakiacha palepale, na kabla makinda hawajajitegemea jike alikuwa ameshataga tena.

Hapo ndipo penye utata wa ndege hawa, na sikuona mtu aliyenieleza kabla. Kwao ni nyika kavu. Mvua ikinyesha nyasi zinatoa mbegu, na wao wanawahi kuzaa kabla neema haijaisha. Magomeni walikuwa na uwele kila asubuhi, maji ya kuoga, mchicha, joto la Dar. Kwa hesabu ya mwili wao neema ile haikuwa na mwisho, basi na kutaga hakukuwa na mwisho. Finchi mzima ana uzito wa gramu 12 hivi, yai lake linakaribia gramu 1. Anataga moja kila siku. Akitaga matano ametoa zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ndani ya siku tano, na gamba la kila yai linajengwa kwa madini ya mwilini mwake.

Asubuhi moja ya mvua nilimkuta jike chini ya tundu, pembeni, manyoya yamevimba. Mkia ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Macho anayafumba nusu, anayafumbua, anayafumba tena. Dume alikuwa anamwita kutoka mlangoni mwa kiota naye hajibu.

Nilimpigia rafiki yangu wa Tanga anayefuga ndege. Sikumaliza hata kueleza.

"Yai limekwama. Mpe joto, tena joto lenye unyevu. Na usimminye tumbo! Likipasukia ndani umemuua."

Joto! Umeme ulikatika tangu usiku. Nikawasha jiko la mkaa chini ya upenu, nikachemsha maji, nikayajaza kwenye chupa ya soda, nikaiviringisha kwa kipande cha kanga na kuilaza ndani ya boksi la viatu nililolitoboa matundu. Pembeni nikaweka bakuli dogo la maji ya moto lililofunikwa kwa kitambaa chepesi, ili mvuke upite bila ndege kutumbukia.

Bibi aliomba ampakate. Macho yalikuwa bado na ukungu, hivyo alimsoma kwa ncha ya kidole, polepole, chini ya tumbo.

"Lipo," alisema. "Limekaa hapa. Angekuwa kuku ningeingiza kidole chenye mafuta. Huyu nimuingize nini, mjukuu wangu? Yeye mzima hafiki kidole gumba changu."

Tukakubaliana tone moja la mafuta ya nazi, kwa kijiti chenye pamba, kwenye njia ya yai, basi. Nilikuwa na mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi, mfupa mweupe wenye chokaa, niliouokota ufukweni Kigamboni. Nikaukwangua kwa kisu, nikakoroga unga wake kwenye maji na kumdondoshea pembeni mwa mdomo. Tone la kwanza likamwagika. La pili alilimeza.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi nyingine ila kubadilisha chupa inapopoa. Kazini nilipiga simu kusema nina mgonjwa nyumbani, na sikuulizwa mgonjwa ni nani. Bibi alikaa mkekani na boksi mapajani, akinisimulia habari za kuku mmoja wa Kilwa aliyekuwa akitaga juu ya kitanda cha babu, habari ambazo nilizisikia tangu mdogo na kila mwaka zinaongezeka. Kila nilipotaka kufungua kifuniko alinipiga kofi la mkono. "Mwache. Hata mwanamke hazai akichunguliwa."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshaisha tuliposikia vishindo vidogo ndani ya boksi. Jike alikuwa amesimama. Nyuma yake lilikuwapo yai, limepinda upande mmoja, gamba laini linabonyea kwa kidole. Bibi alilipapasa, akatikisa kichwa.

"Huyu ameishiwa chokaa."

Siku hiyohiyo niliking'oa kiota. Nikaweka wavu katikati ya tundu, dume huku, jike kule. Mayai yaliyobaki niliyaondoa. Jike nikamwekea mfupa wa dome mzima na maganda ya mayai ya kuku, yaliyochemshwa, kukaushwa na kutwangwa, kazi ambayo bibi aliinyakua bila kuombwa. Dume yeye hakukubali kushindwa: alivuta nyuzi za gunia na kuanza kujenga ndani ya kikombe cha uwele.

Tatizo likabaki kwa jirani yangu mmoja, aliyekwishatoa hela ya jozi. Nilimweleza waziwazi kwamba hakuna jike wa kuuza, na sijui atapatikana lini. Nikampa madume wawili kati ya wale watatu na kumrudishia nusu ya hela. Aliridhika, maana wanaoimba ni madume. Wiki chache baadaye akarudi, kasimama mlangoni.

"Wanaimba kweli, kaka, lakini yai hata moja hamna. Hata jike mmoja tu wa kuazima?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi alimjibu kutoka ndani:

"Ukitaka mayai, baba, fuga kuku!"