Saa mbili za kunyonyesha
Msimu wa korosho ukishaanza Oktoba, ghalani kwetu hapa Mtwara hakuna kukaa. Magunia yanaingia, mizani haipoi, na mie mwanangu wa miezi mitano yuko Chuno kwa bibi yake. Zile siku 84 za uzazi ziliisha kama mchezo!

Jana nikamwambia bosi: sheria ya kazi ya 2004 inanipa hadi saa mbili kwa siku nikanyonyeshe. Akacheka. "Dada, msimu huu?" Nikamwonyesha kifungu kwenye simu. Akakuna kichwa, "Haya, nenda."

Bodaboda mbio hadi nyumbani, blauzi ishalowa maziwa. Mtoto kashashiba uji wa bibi (nimekataza mara ngapi jamani), kalala fofofo. Nikakaa pembeni namwangalia tu.